Mufwankolo wa Lubumbashi: Mtunzi wa Tamthilia Asiye na Mswada

Utangulizi

Wanafunzi wetu wakiulizwa kuhusu historia ya tamthilia ya Kiswahili, kwa kawaida huanza na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), wakaendelea na Hatia ya Penina Muhando (1972), kisha wakafululiza hadi vitabu vya karibuni vya Dar es Salaam na Nairobi. Orodha hiyo ni sahihi, lakini ina kasoro moja: imepangwa kwa kufuata rafu za maktaba. Mchezo usiochapwa hauna nafasi ndani yake. Ndiyo maana Kongo, yenye mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili, huonekana kana kwamba haina tamthilia katika lugha hiyo. Makala haya yanakusudia kuipinga dhana hiyo kwa kutumia mfano wa mtu mmoja.

Mwigizaji na mji wake

Mufwankolo ni jina la jukwaani la Odilon Kyembe, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha maigizo kilichoitwa kwa jina hilohilo. Hatuwezi kuielewa kazi yake bila kuujua mji uliomlea. Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville hadi mwaka 1966, ni mji wa migodi ya shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya hapo wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Watu hao wasiokuwa na lugha moja ya mama wakapata lugha moja ya kazi, ya soko na hatimaye ya nyumbani: Kiswahili. Watoto wao wakakicheka na kukichekesha Kiswahili hicho, wakichanganya humo Kifaransa cha ofisini na methali za vijijini walikotoka wazee wao.

Mufwankolo alikiigiza Kiswahili hicho katika nyanja tatu: jukwaani, redioni na katika televisheni ya mkoa. Kila uwanja ulimdai ufundi wake. Jukwaani, hadhira hujibu papo hapo na mwigizaji hulazimika kurefusha au kufupisha kauli kulingana na kicheko chao. Redioni hubaki sauti peke yake. Kwenye televisheni, uso husema yale ambayo ulimi haukuthubutu kuyasema, na katika Zaire ya chama kimoja jambo hilo halikuwa dogo.

Mchezo wa mwaka 1986

Mchezo wa kikundi hiki unaofahamika zaidi kwa wasomi ulitungwa mwaka 1986. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kuishi Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alirudi mjini humo, akasikia msemo uliomtatiza: madaraka huliwa mazima. Aliusikia mezani, kuhusiana na firigisi ya kuku, kipande ambacho mheshimiwa hupewa na ambacho hakigawanywi. Alipowauliza waigizaji maana yake, hawakumpa ufafanuzi. Waliamua kumjibu kwa mchezo.

Utaratibu waliouchukua ndio kiini cha hoja yetu. Kwanza waliujadili msemo, kila mmoja akileta tafsiri yake. Kisha wakakubaliana juu ya kisa cha chifu na raia wa kijiji chake, wakakigawa katika maonyesho na kupeana nafasi. Baada ya hapo wakafanya mazoezi, na maneno yenyewe yakazaliwa mazoezini, bila mswada. Mwishowe mchezo ulichezwa katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, na kupigwa picha kwa ajili ya televisheni.

Msemo huo una pande mbili. Mtu wa serikali angeweza kuusikia kama wosia wa utii: madaraka hayagawanywi, basi raia na atulie. Raia naye angeweza kuuliza: je, anayekula peke yake huwaachia nini wenzake? Kwa kukiweka kisa kijijini, waigizaji walipata nafasi ya kuzungumzia utawala mbele ya kamera ya serikali bila kumtaja mtawala wa nchi.

Je, huyu ni mtunzi?

Yuko atakayesema kwamba Mufwankolo alikuwa mwigizaji hodari, lakini si mtunzi, kwa kuwa maneno yalitoka kwa wengi. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, kuchagua kisa, kupanga maonyesho na kuamua mchezo uishie wapi ni kazi za utunzi, ziwe zimefanywa kwa kalamu au kwa mdomo. Hatuwanyimi watunzi wa ngano sifa yao kwa sababu hawakuandika. Kwa nini tuwanyime wa michezo? Tunachopaswa kukiri ni kwamba hapa utunzi ni wa pamoja, na kiongozi ni wa kwanza miongoni mwa wenzake.

Sababu nyingine ya kupuuzwa ni lugha. Mahali ambapo Kiswahili sanifu husema watu wote, wahusika wa Lubumbashi husema batu bote, kama wasemavyo watu wa hapa Bukavu. Kwa miaka mingi lugha hii imeitwa Kiswahili kilichoharibika. Lakini mchezo uliojadili asili ya madaraka umetungwa kwa lugha hiyohiyo, na haukupungukiwa na neno.

Hitimisho

Mchezo wa 1986 tunao leo kwa sababu Fabian alirekodi mazoezi pamoja na onyesho, akayanakili maneno na kuyachapisha Marekani mwaka 1990, Kiswahili kikiwa sambamba na Kiingereza. Tunamshukuru. Lakini ni aibu kidogo kwetu kwamba ilibidi swali liulizwe na mgeni. Waigizaji wa Kadutu, Ibanda na Bagira nao hutunga bila kuandika. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kusubiri kitabu kutoka pwani: achukue kinasa sauti, aende mazoezini, akae, asikilize.