Nani Hupokea Msukumo wa Rafadha?

Mgeni afikaye Nybroplan, ukingoni mwa maji katikati ya Stockholm, hukuta mnara wa kumbukumbu ya John Ericsson, mhandisi wa Uswidi aliyezaliwa mwaka 1803. Mwaka 1836, huko London, Ericsson alipata hataza ya rafadha. Mwaka huohuo Mwingereza Francis Pettit Smith naye akapata yake. Ericsson alipofariki New York mwaka 1889, Marekani iliurejesha mwili wake Stockholm kwa manowari, mwaka uliofuata.

Lakini liko swali ambalo mnara huo haulijibu. Rafadha ikisukuma maji nyuma, maji nayo huisukuma rafadha mbele. Nani hupokea msukumo huo na kuufikisha melini?

Mtazame baharia anayeendesha mtumbwi kwa upondo. Nguvu hupita mwilini mwake hadi kwenye nyayo, na nyayo ndizo zinazokisogeza chombo. Zikiteleza, chombo hakiendi. Melini, nyayo hizo ni beringi ya msukumo. Nazo hukanyagwa na mhimili unaozunguka bila kupumzika.

Kwa zaidi ya nusu karne mafundi waliuvisha mhimili pete nyingi, kila moja ikisukuma bamba lake. Msuguano ulileta joto na chuma kikalika. Kadiri injini zilivyopata nguvu, ndivyo pete zilivyoelemewa.

Ufumbuzi ulitoka kwa wahandisi wawili, kila mmoja kivyake: Albert Kingsbury wa Marekani, na A. G. M. Michell wa Australia, aliyepata hataza mwaka 1905. Waliligawa bamba vipande, wakaacha kila kipande kiiname kidogo. Pete inapozunguka hukokota mafuta na kuyaingiza katika upenyo wenye umbo la kabari. Mafuta hubanwa, yakaubeba mzigo wote, chuma kisiguse chuma. Pete moja ikatosha.

Kanuni hiyo hutumika pia katika mota za umeme zinazofanya kazi chini ya maji, ambako maji yenyewe huweza kushika nafasi ya mafuta. Wala si baharini tu. Pampu nyingi zilizozamishwa katika visima virefu vya Afrika Mashariki huhimili kwa njia hiyo uzito wa maji yanayopandishwa. Utando huo mwembamba ukikatika, beringi huungua, pampu husimama, na kina mama wa kijiji hurudia safari ndefu ya ndoo kichwani.