Safu ya Lugha: Dayalojia
Dayalojia, yaani mazungumzo ya wahusika yanayoandikwa kama yanavyosemwa, hutofautishwa na usimulizi, ambao ni sauti inayoeleza mahali, matendo na mawazo. Katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Karama anajitetea barazani kwa siku sita, na ndani ya utetezi huo mhusika mwenyewe anageuka msimulizi wa safari za wajumbe, jambo linalothibitisha kwamba mbinu hizi mbili huweza kukaa katika kinywa kimoja. Mwandishi wa leo anayeiweka hadithi yake Baleni, kisiwani Mafia, hana haja ya kueleza kila mnazi kabla wahusika hawajasalimiana, kwa kuwa shikamoo iliyokosa marahaba hudhihirisha umri, heshima na ugomvi kwa nguvu ambayo aya nzima ya maelezo haiifikii.