Damu ya mbuzi wangapi? Hesabu nyuma ya utafiti wa magonjwa ya mifugo

Elimu ya kufuata namna ugonjwa unavyotembea katika wanyama wengi inaitwa epidemiolojia. Daktari wa mifugo anaangalia mbuzi mmoja mgonjwa. Mtu wa epidemiolojia anauliza ni wangapi kati ya mia, katika vijiji gani, msimu gani, na kwa nini zizi la jirani limepona. Biostatistiki njo hesabu inayomsaidia kujibu bila kujidanganya. Hapa Congo, udaktari wa mifugo unafundishwa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na pia Butembo, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben.

Vyuo vikuu vingi duniani vina huduma ya kusaidia watafiti kwa hesabu hizi. Mwanafunzi wa TFC au profesa mwenye mradi anatakiwa kwenda pale mbele ya kushika sindano. Wengi wanakuja wamechelewa, matokeo ya labo tayari mkononi. Damu iliyochukuliwa vibaya haitengenezwi na kompyuta.

Swali la kwanza ni idadi. Kama mtu anataka kujua tu kama ugonjwa uko katika kundi kubwa, na anafikiri ukiwepo utakuwa umeshika angalau mbuzi 5 kwa 100, anapima mbuzi 59. Wote wakiwa wazima, anaweza kusema ugonjwa haujafika kiwango hicho, kwa uhakika wa 95 kwa mia. Kama ugonjwa unaweza kuwa kwa 1 tu kati ya 100, anahitaji 299. Na kama anataka kukadiria ni sehemu gani ya mbuzi wote wanaugua, bila kukosea zaidi ya 5 kwa mia juu ao chini, wakati hajui kitu chochote mbele, hesabu inafika karibu 385.

Lakini mbuzi 385 wa fasi moja hawatoshi. Wanaokula pamoja wanaambukizana, basi kupima zizi moja lote ni kama kuuliza habari ileile kwa watu wa nyumba moja. Lazima kutembea vijiji vingi, na kuchagua kwa bahati nasibu, hata kule barabara ni mbaya. Pale njo utafiti mwingi unaharibika: mtafiti anaishia kwenye vijiji vya kando ya barabara kubwa.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Tuseme mbuzi ni 1.000, wagonjwa ni 20. Kipimo kinatambua wagonjwa 90 kwa 100, na kinakosea kwa wazima 5 kwa 100. Kitaonyesha wagonjwa 18 wa kweli, na wazima 49 watahesabiwa kuwa wagonjwa. Kwa hiyo kati ya mbuzi 67 waliosemwa wanaugua, wengi hawana kitu. Kwa mama ambaye mbuzi wawili ni karo ya watoto, kuambiwa awachinje kwa karatasi hiyo tu ni hasara ya bure. Mtaalamu wa takwimu atadai kipimo cha pili.

Kwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ile watu wa labo wanaita PPR, kuna mtego mwingine. Mbuzi aliyechanjwa na mbuzi aliyeugua akapona wanaonyesha alama sawasawa katika damu. Mtafiti asipomuuliza mfugaji kama chanjo ilipita, ataandika ugonjwa fasi kuna kinga.

Kazi hii inachosha, lakini imeshazaa matunda. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imemalizwa duniani kote. Chanjo peke yake haingetosha kutangaza vile: ilibidi nchi zionyeshe, kwa damu ya ng'ombe waliochaguliwa kwa hesabu, kwamba virusi haviko tena. Sasa FAO na shirika la dunia la afya ya wanyama wanataka PPR iishe pia, na tarehe waliyoweka ni 2030.

Vyombo havikosekani. Programu ya R ni ya bure, na KoboToolbox inaandika majibu kwenye simu hata bila intaneti. Kinachokosekana sana sana ni mtu wa kukaa na mwanafunzi saa mbili mbele ya safari, na franka za mafuta ya pikipiki za kufika kijiji cha mwisho kwenye liste.