Nani Alichora Katikati?

Leo sifundishi Blender, kwa hivyo wale wa "bro tuma mafunzo" vumilieni kidogo. Leo ni historia.

Chukua simu yako, fungua Alight Motion au CapCut, weka picha ya kitu chochote. Weka alama moja ikiwa kushoto. Songa sekunde moja mbele, weka alama nyingine ikiwa kulia. Bonyeza kucheza. Kitu kimesonga, sindio? Hizo alama mbili tunaziita fremu kuu. Umeweka mbili tu, lakini kama video yako inaenda kwa fremu 24 kwa sekunde, kuna zaidi ya 20 hapo katikati ambazo wewe hukuzigusa. Nani alizichora?

Ukijibu "ni kompyuta", uko sawa nusu. Ile nusu nyingine ni stori ya zaidi ya miaka 100, na ni stori ya kazi, ya mshahara, ya nani anaandikwa jina na nani anasahaulika. Ndiyo maana nimeileta.

Mwaka 1914 Mmarekani mmoja, Winsor McCay, alitoa filamu ya dinosau anaitwa Gertie. Alichora maelfu ya karatasi kwa mkono, na kijana mmoja, John Fitzsimmons, akamsaidia kunakili mandhari ya nyuma kwenye kila karatasi. Kila karatasi, wasee. Mlima uleule na ziwa lilelile, tena na tena. McCay aliona kwamba ukichora moja baada ya nyingine kwa mpangilio, mnyama anaanza kubadilika umbo bila wewe kujua, na muda unakuponyoka. Kwa hivyo akachora kwanza mikao mikubwa ya mwendo, halafu ule wa nusu kati ya mikao miwili, halafu nusu ya hiyo nusu. Hapo ndipo wazo la fremu kuu linaanza kuonekana waziwazi, kabla ya enzi ya kompyuta.

Kufika miaka ya 1930, Disney walikuwa wamegeuza hiyo mbinu kuwa kiwanda. Mchoraji mkubwa anachora mikao mikuu, anaandika pembeni mwa karatasi kamchoro kadogo, kama rula yenye vimistari, kuonyesha michoro ya katikati ikae wapi: vimistari vikikaribiana mwendo ni wa polepole, vikiachana ni wa kasi. Kisha karatasi inaenda kwa vijana wa chini, wale wa kuchora katikati. Ollie Johnston, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wachoraji wakubwa kabisa pale, alianza hapo chini mwaka 1935. Wanawake wengi waliwekwa idara ya wino na rangi. Kuna barua ya 1938 ambayo msichana aliyeomba kazi aliambiwa wazi kwamba kazi ya ubunifu ni ya wanaume vijana. Barua yenyewe imepambwa na picha ya Snow White. Kuna watu hawana aibu, bana.

Sasa, vijana wa katikati walilipwa kidogo. Mwaka 1937 wafanyakazi wa studio ya Max Fleischer, New York, waligoma kwa miezi. Mei 1941 ikawa zamu ya Disney. Art Babbitt, mchoraji aliyekuwa analipwa vizuri kabisa, alitoka nje akasimama na wale wa chini. Kwa hivyo ukiona mtu anasema "katikati inajijaza", jua kuna watu waliwahi kusimama barabarani na mabango kwa sababu ya hiyo katikati.

Kisha ikaja Ottawa. Nestor Burtnyk alikuwa anafanya kazi kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada. Mwaka 1969 alienda mkutano California, akamsikia mtu wa Disney akieleza jinsi kazi inavyogawanywa: mkubwa anachora mikao mikuu, msaidizi anajaza. Burtnyk akarudi nyumbani na wazo moja: hiyo kazi ya msaidizi ni hesabu, acha mashine iifanye. Yeye na mwenzake Marceli Wein wakaunda programu. Msanii Peter Foldès, aliyezaliwa Hungaria, akaitumia kutengeneza filamu inaitwa Hunger, yaani njaa, ya 1974. Inahusu mtu anayekula, anakula, anakula, ananenepa mpaka anatisha, na mwishowe wenye njaa wa dunia wanamvamia wanamla yeye. Filamu ikashinda Tuzo ya Majaji Cannes. Burtnyk na Wein walikuja kutambuliwa na Academy ya Marekani mwaka 1997.

Fikiria hapo kidogo. Filamu maarufu ya kwanza kabisa ambayo kompyuta ilichukua kazi ya wale vijana wa chini ilikuwa inahusu mtu mmoja kula chakula cha wengine. Sidhani walipanga hivyo.

Lakini mashine ilikuwa na shida. Ukiiambia ijaze katikati bila maelezo, inachukua njia rahisi: inagawanya umbali sawasawa. Kasi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kitu kinasimama ghafla kama kimegonga ukuta. Hakuna kiumbe anaenda hivyo. Ile rula ya vimistari, ile busara ya mchoraji ya kujua lini kuharakisha, haikuwa ndani ya mashine.

Suluhisho lilitoka kwa watu wa magari. Paul de Casteljau wa Citroën, mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault, miaka ya 1960, walikuwa wanatafuta namna ya kuandika mipindo ya bodi ya gari kwa hesabu. (Sio Peugeot 504 ambayo wazee wetu wanaisifia mpaka leo. Hawa walikuwa wapinzani wake.) De Casteljau alitangulia, lakini kampuni yake iliweka kazi yake siri, kwa hivyo dunia ikajua jina la Bézier. Ukifungua dirisha la grafu leo, ule mstari uliopinda wenye vishikio viwili kama masharubu ni hesabu ileile ya bodi ya gari. Na mwaka 1984 Doris Kochanek wa Bodi ya Filamu ya Kanada, pamoja na Richard Bartels, walichapisha njia ya kumpa msanii vidhibiti vitatu kwenye kila fremu kuu: mstari ukazwe kiasi gani, uvunjike au upite laini, na uelemee mbele au nyuma. Mwanamke ndani ya moyo wa hesabu ya mwendo, miaka 46 tu baada ya ile barua.

Basi grafu inasomwaje? Kwenda kulia ni muda. Kwenda juu ni thamani ya kitu unachosogeza: mahali, ukubwa, mzunguko, chochote. Mstari ukiinuka wima, kasi ni kubwa. Ukilala, kitu kimetulia. Ni kama barabara ya Embu kwenda Meru. Dereva wa matatu akitoka Runyenjes kuelekea Chuka anashuka kwa mto, anapanda, kona, anashuka tena, na anayejua kazi anapunguza kabla ya kona, sio ndani ya kona. Abiria hawamwoni akikanyaga breki, lakini miili yao inajua. Grafu ni mahali unapoamua breki iko wapi.

Na hapa ndipo nina ugomvi na wengi wenu. Programu nyingi zina mpindo wa tayari, ule wa kuanza polepole na kumaliza polepole. Blender inakupa huo bila hata kuuliza. After Effects inakupa mstari ulionyooka, lakini watu wanabonyeza kitufe kimoja cha kulainisha na kuendelea na maisha. Matokeo? Kila kitu Kenya kinasonga sawa. Nembo ya benki, jina la mhubiri, bei ya mbolea, picha ya marehemu kwenye video ya rambirambi, vyote vinateleza kama vimepakwa mafuta.

Jaribu mpira unaoanguka. Kitu kikianguka, nusu ya muda ikiisha kimeshuka robo tu ya umbali. Robo tatu zinakuja kwa nusu ya pili, kwa sababu kasi inaongezeka hadi dakika ya kugonga chini. Mpindo wa tayari unafanya nini? Unauweka mpira nusu ya njia kwa nusu ya muda, halafu unapunguza kasi kabla haujafika chini. Mpira unatua kama unyoya. Macho ya mtoto wa miaka mitatu yanajua huo ni uongo, hata kama hawezi kueleza.

Sasa leta nyumbani. Wapiga ngoma wa Chuka: ngoma ndefu imebanwa mapajani, mwili umeinama mbele, mabega yanatetemeka. Ukimchora huyo mtu ukatumia mpindo wa tayari kwa mkono wake, mkono utashuka, utapunguza kasi, utaibusu ngozi. Hakuna mlio hapo. Mkono wa kweli unapanda kwa utulivu, unaning'inia kidogo, unashuka ukiongeza kasi mpaka unagonga, na unaruka kurudi mara moja. Kwenye grafu hiyo ni ncha kali kama pembe ya V, vishikio vimevunjwa. Au wale wachezaji wa Embu wa mironjo, wanaocheza juu ya miti mirefu: kiwiliwili kinachelewa nyuma ya mguu, kinaufikia, kinapitiliza kidogo, kinarudi. Hakuna kitufe cha hiyo. Lazima ukae uangalie watu wako.

Afrika Mashariki tayari kuna watu waliofanya hiyo kazi ya kukaa na kuangalia. Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi, studio ya Homeboyz, ikaanza kuonyeshwa BBC mwaka 2010, kwa mtindo wa picha ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga. Vipindi 52, kila kimoja dakika 11. Piga hesabu ya fremu 25 kwa sekunde: 858,000. Wengi mlikua mkiitazama mkidhani imetoka ng'ambo. Dar kuna Ubongo Kids tangu 2014. Na Kizazi Moto ya 2023 ina Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya na Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda. Itazame Herderboy ukiwa na kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, fremu kwa fremu. Uzito wa hao ng'ombe haukutokana na kitufe.

Ila angalia tofauti yetu na Johnston. Yeye alilipwa, kidogo lakini alilipwa, kukaa chini ya mkubwa na kuchora katikati mpaka mkono ukaelewa muda. Ile kazi ya kuchosha ilikuwa shule. Mashine ilipochukua katikati, ilichukua na shule. Sisi wa Meru na Embu hatuna studio kubwa mtaani ya kuingia kama mwanagenzi. Tuna simu, laptopu ya mtumba, bando la usiku na stima inayopotea. Mwalimu aliyebaki ni hilo dirisha la grafu, na ndilo watu wanaliruka wa kwanza.

Sasa AI imekuja kujaza hata mikao mikuu. Sina shida na chombo, Burtnyk naye alileta chombo. Shida yangu ni bei. Kuna mteja mmoja hapa Makutano alitaka tangazo la sekunde 15: chupa ya maziwa inaruka, inatua mezani, kifuniko kinafunguka. Nilipomtajia bei akacheka, "Kijana, si wewe unaweka mwanzo na mwisho tu? Hapo katikati si mashine inajaza?" Nikamjibu, "Mzee, kutua kwa hiyo chupa pekee ni asubuhi nzima." Alienda kwa mwingine, akafanyiwa kwa nusu bei. Nimeliona hilo tangazo. Chupa inaelea.

Simlaumu sana huyo mwenzangu, kodi ni kodi. Lakini tukikubali wote kwamba katikati ni bure, hatutapata wa kugoma naye, kwa sababu kila mtu yuko peke yake chumbani kwake. Mimi nimeanza kuandika kwenye ankara mstari wa peke yake: "muda na mwendo", na bei yake. Wateja wawili wameuliza ni nini. Nikawaonyesha chupa ile ile mara mbili, ya kitufe na ya mkono, bila kusema kitu. Mmoja alilipa. Mwingine alisema ya kitufe ni sawa tu, na hiyo ni haki yake.

Kazi ya wiki hii: mpira mmoja, fremu kuu tatu, hakuna mpindo wa tayari. Ukimaliza, geuza huo mpira kuwa mkono wa mpiga ngoma. Na kama una video ya wapiga ngoma wa Chuka iliyopigwa karibu, mikono ikionekana vizuri, nitumie. Nilizonazo zote zimepigwa kutoka nyuma ya jukwaa la wageni wa heshima, na zinaonyesha kofia tu.