Nani ataisoma insha ya huyu mtoto?

Najua nimepotea. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Kwanza kazi za chumba cha habari zilinibana, halafu mtoto wa dada yangu akaniuliza swali lililoninyima usingizi wiki nzima. Leo naliweka hapa tulitazame pamoja.

Dada yangu huyu (ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo kwetu ni dada tu, hakuna cha binamu) anaishi Texas, Marekani. Mwanawe ana miaka 13 na yuko darasa la 7. Kule madarasa ya 6 hadi 8 huitwa shule ya kati. Wazee wetu waliosoma Tanganyika enzi za mkoloni nao walikuwa na shule za kati, ingawa zile zilikuwa kitu kingine. Kijana alifika Marekani akiwa na miaka 9. Darasani kila alipoambiwa asome kwa sauti, wenzake walimcheka matamshi yake. Mwaka huu akamwomba mama yake asomee nyumbani kwa kompyuta, na mama akakubali.

Somo lake la Kiingereza limekatwa vipande vipande: hadithi fupi, msamiati, sarufi, uandishi. Anasoma kipande, anajibu maswali, akipata alama za kutosha kipande kinachofuata kinafunguka. Hakuna kengele. Hakuna wa kumsubiri wala wa kumcheka. Kila mtu kwa mwendo wake.

Usiku mmoja simu ikaita. "Shikamoo mjomba." Kiswahili chake sasa kinachechemea, lakini shikamoo haisahau. Akaniomba nisome insha yake. Aliandika kuhusu bibi yake, yaani mama mkubwa, aliyefariki mwaka jana, na jinsi yeye alivyofuatilia mazishi kwa simu akiwa amekaa sebuleni kwao. Nikamuuliza, kwani mwalimu hajaisoma? Akanijibu kwamba kompyuta imeshampa alama 4 kati ya 5.

"Lakini mjomba, sijui kama kuna mtu ameisoma."

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Nikaanza kuchimba historia ya masomo ya namna hii. Nilidhani yamezaliwa na intaneti. Kumbe intaneti imeyakuta yakiwa na mvi.

Zama za bahasha

Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha posta ya bei moja nchi nzima. Mwaka huohuo Isaac Pitman akaanza kufundisha hati mkato kwa barua. Wanafunzi walinakili aya za Biblia kwa hati mkato, wakamtumia, yeye akasahihisha na kuwarudishia. Shikilieni hilo la kusahihisha na kurudisha, maana ndilo kiini cha habari hii.

Mwaka 1873, mjini Boston, Anna Eliot Ticknor alianzisha chama cha kuwahimiza wanawake wasome wakiwa nyumbani. Wakati ule milango mingi ya vyuo ilikuwa imefungwa kwao. Walitumiwa vitabu na mpango wa masomo, fasihi ya Kiingereza ikiwemo, nao wakasoma kwa nafasi zao, kati ya kupika na kulea. Kila mwanafunzi alikuwa na mwanamke mwenzake wa kujitolea aliyesoma barua zake na kumjibu. Chama kilifungwa mwaka 1897, muda mfupi baada ya mwanzilishi wake kufariki.

Watoto nao wakafikiwa. Mwaka 1906 shule ya Calvert ya Baltimore, chini ya mwalimu mkuu Virgil Hillyer, ilianza kuuza masomo ya nyumbani. Familia ilipokea vitabu na maelekezo, na mzazi akafundisha. Baadaye mzazi aliyetaka aliweza kulipia huduma ya ziada: mwalimu aliyekaa Baltimore alisoma kazi za mtoto, akaandika maoni yake na kuzirudisha kwa posta. Masomo hayo yalisafiri mpaka kwa watoto wa wamisionari na wanadiplomasia wa Kimarekani nchi za mbali. Meli ilichelewa, lakini kwenye karatasi iliyorudi kulikuwa na mwandiko wa mtu.

Kwetu pia jambo hili si geni. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imesomesha Watanzania wengi kwa njia ya posta.

Kuvunja gwaride

Wakati huohuo wapo waliotaka kila mtoto aende kwa mwendo wake humohumo darasani. Mwaka 1913 Frederic Burk, mkuu wa chuo cha ualimu San Francisco, aliandika kijitabu kupinga shule zinazowatembeza watoto wote kwa hatua moja kama askari wa gwaride. Mwenye kasi anasubiri, mzito anaburutwa.

Kijana aliyefanya kazi chini yake, Carleton Washburne, akaenda kuongoza shule za mji wa Winnetka, jimbo la Illinois, mwaka 1919. Kusoma, tahajia, sarufi na hesabu vikapangwa kwenye vijitabu ambavyo mtoto aliweza kujisahihisha mwenyewe. Akijiona yuko tayari, anamwendea mwalimu apimwe. Lakini Washburne alifanya jambo jingine ambalo wengi waliomfuata walilisahau: sehemu kubwa ya siku aliitenga kwa kazi za pamoja, kama maigizo, mijadala na uandishi wa kubuni. Alijua sarufi unaweza kujifunza ukiwa peke yako. Hadithi inahitaji msikilizaji.

Mashine zinaingia

Miaka ya 1920 Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Ohio State alitengeneza mashine kama taipureta ndogo yenye vitufe vinne. Swali, majibu manne, bonyeza. Aliweza hata kuifunga kifaa cha kumpa mwanafunzi peremende akipatia! Biashara yake haikufika mbali.

Novemba 1953 B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Harvard, alitembelea darasa la hesabu la binti yake. Akaona waliomaliza wanakaa bure, waliokwama wanazidi kukwama, na hakuna anayejua papo hapo kama amepatia au amekosa. Mwaka uliofuata akaonyesha mashine yake ya kufundishia: hatua ndogo sana, jibu palepale, songa mbele.

Kwa upande wa Kiingereza, tunda la fikra hizo lilikuwa kitabu cha Joseph Blumenthal kilichotoka mwaka 1960, kinachoitwa English 2600. Namba hiyo ni idadi ya vijisehemu vyake. Unasoma sentensi, unajaza pengo, unafunua ukurasa unaofuata kuona jibu. Miaka michache kabla yake, mwaka 1957, mwalimu Don Parker alikuwa ameleta sanduku la kadi za kusomea zenye rangi, lililochapishwa na kampuni ya SRA ya Chicago. Mtoto anachagua kadi ya kiwango chake, anasoma, anajibu, anajisahihisha, anachora grafu ya maendeleo yake, kisha anapanda rangi. Rangi ndiyo ilikuwa cheo!

Ukiitazama programu ya mpwa wangu leo, ni kitabu cha Blumenthal na sanduku la Parker vilivyoingizwa kwenye kioo. Kilichobadilika ni kasi na picha.

Lakini tazameni pia kilichoachwa nyuma. Kadi inaweza kukuuliza kitenzi kiko wapi, mhusika mkuu ni nani, neno hili lina maana gani. Haiwezi kukuuliza, "Ulipoandika kwamba bibi aliondoka bila kuaga, ulimaanisha nini?"

Mtego wa alama

Pengo hilo lilionekana mapema. Mwaka 1966 Ellis Page, aliyewahi kufundisha Kiingereza sekondari, alitangaza kwamba kompyuta zinakaribia kusahihisha insha. Kompyuta yake haikuelewa kilichoandikwa. Ilihesabu urefu wa insha, idadi ya mkato, maneno yasiyo ya kawaida, kisha ikakisia alama ambayo mwalimu angetoa. Ajabu ni kwamba ilikisia vizuri. Mwaka 2014 Les Perelman wa MIT na wanafunzi kadhaa wakaijibu kazi ya namna hiyo kwa kejeli: walitengeneza programu ya kuandika insha za upuuzi mtupu, maneno mazito yasiyo na maana, na mashine za kusahihisha zikazipa alama za juu.

Yupo na mtoto mmoja wa utafiti aitwaye Benny. Alikuwa na miaka 12, umri wa shule ya kati, akisoma hesabu kwa mpango wa kila mtu na mwendo wake. Alikuwa mbele ya wenzake na mitihani alifaulu. Mwaka 1973 mtafiti Stanley Erlwanger alichapisha matokeo ya kukaa naye na kumsikiliza. Kumbe Benny aliamini kwamba 5/10 ni 1.5! Kwa fikra zake hesabu ilikuwa mchezo wa kubahatisha jibu lililoandikwa kwenye karatasi ya majibu. Alipita mlango baada ya mlango bila mtu kumuuliza anafikirije. Lile lilikuwa somo la hesabu, ambalo jibu lake huonekana. Sembuse insha.

Intaneti

Mwaka 1997 jimbo la Florida lilianzisha shule ya serikali ya mtandaoni, Florida Virtual School. Mwanafunzi alikwenda kwa mwendo wake, ila alikuwa na mwalimu mwenye jina, na walimu walitakiwa kuwapigia simu wanafunzi na wazazi. Shule hiyo ipo mpaka leo.

Ohio mambo yalikuwa tofauti. Shule kubwa ya mtandaoni iliyoitwa ECOT ilifunguliwa mwaka 2000. Wakaguzi wa jimbo walipodai ushahidi kwamba wanafunzi inaowalipwa wanasoma kweli, haikuweza kuutoa wa kutosha. Iliamriwa kurudisha takriban dola milioni 60 kwa mwaka mmoja tu wa masomo. Januari 2018 ikafungwa katikati ya mwaka, na wanafunzi wapatao 12,000 wakabaki wakitafuta shule.

Halafu kuna kisa cha Salman Khan. Mwaka 2004, akiwa Boston, alianza kumfundisha hesabu binamu yake Nadia aliyekuwa New Orleans, kwa simu na kompyuta. Ndugu wengine wakajiunga, video zikaanza 2006, na Khan Academy ikazaliwa 2008. Masomo ya Kiingereza yalifuata baadaye. Khan mwenyewe amesimulia kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi kwenye video kuliko ana kwa ana. Kwenye video waliweza kumsimamisha na kumrudisha nyuma bila kuona haya.

Nilipofika hapo nilimkumbuka mpwa wangu na vile vicheko vya darasani. Tusidharau faida hii. Kwa mtoto anayeona aibu, kurudia somo mara kumi bila kuguniwa ni ukombozi. Lakini mradi wote ule ulianza na ndugu aliyeshika simu kumsikiliza ndugu yake.

Machi 2020 korona ikawasukuma karibu watoto wote wa Marekani kwenye kompyuta, watake wasitake. Katika mtihani wa taifa wa kusoma wa darasa la 8, wastani ulikuwa 263 mwaka 2019, ukashuka mpaka 260 mwaka 2022, na 258 mwaka 2024. Mwaka huo wa 2024 wanafunzi 33 kati ya 100 hawakufikia hata kiwango cha msingi. Sisemi kompyuta ndiyo iliyoleta hayo, maana anguko lilianza kabla ya korona. Nasema tu kwamba vifaa viliongezeka na usomaji haukupanda.

Sasa imekuja akili mnemba, inayoandika maoni marefu yenye adabu chini ya insha ya mtoto. Pengine itasaidia. Lakini Page naye alisema imekaribia, mwaka 1966.

Nilichomjibu

Historia hii imenifundisha jambo moja. Mwendo wa kila mtu peke yake unafaa kwa vitu vyenye jibu moja. Kuandika hakuna jibu moja. Ni mtu kumwambia mtu. Walioelewa hilo, kuanzia Pitman na Ticknor hadi walimu wa Baltimore, waliacha nafasi ya msomaji hata kama barua ilichukua miezi. Walioisahau nafasi hiyo walipata alama.

Nilimpigia kijana. Nikamwambia insha yake nimeisoma mara mbili. Nikamuuliza maswali matatu. Moja lilikuwa hili: umeandika kwamba sebule ilikuwa kimya, mama yako alikuwa anafanya nini? Akanyamaza. Halafu akasema, "Alikuwa anakunja nguo. Zilezile, tena na tena." Nikamwambia, mbona hilo hukuliandika?

Ameliandika. Kompyuta imempa tena 4 kati ya 5, ileile. Mimi nililia.

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, na mlio hapa wenye wapwa na wadogo huko, waacheni watoto waende kwa mwendo wao. Ila mara moja kwa wiki ombeni insha moja, msome mpaka mwisho, muulize swali moja. Kiingereza chako kikiwa cha kuungaunga si neno. Mtoto anatafuta msomaji, si kamusi.

Nani mwenzangu amewahi kusoma kwa posta au kwa mtandao? Nani alikuwa anasoma ulichoandika? Nasubiri mnisimulie.