Stonehenge na Sikukuu ya Jua

Sisi tuishio karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, huenda tukastaajabu kusikia watu wakikesha ili kungojea macheo. Huko Stonehenge, kusini mwa Uingereza, maelfu hufanya hivyo kila ifikapo tarehe 21 Juni au karibu yake, siku iliyo ndefu kupita zote. Mawe yake makubwa yalisimamishwa yapata mwaka 2500 kabla ya Kristo, yakaelekezwa jua linakochomoza siku hiyo.

Waliojenga hawakuacha maandishi, na ibada zao hazikurithiwa. Chama cha Wadruidi, waliojiita kwa jina la makuhani wa kale, kilifanya sherehe yake hapo mwaka 1905 tu. Hata hivyo, mkesha huo umekwisha kuwa mila. Mwaka 1985 wenye mamlaka walipiga marufuku tamasha la hapo ili kuyalinda mawe, na polisi wakakamata watu zaidi ya 500. Mwaka 2000 umma uliruhusiwa tena kuingia.

Hapana budi urithi ulindwe; lakini ukitengwa na watu wake, husalia mawe matupu.