Waogiek na kesi ya Mau: kutoka mzinga wa asali hadi mahakama ya Arusha

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake mjini Arusha, Tanzania, ilitoa hukumu ambayo haikuwa imepata kutolewa tangu chombo hicho kiundwe. Serikali ya Kenya ilionekana kuwa imekiuka vifungu saba vya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kwa jinsi ilivyowatendea Waogiek, jamii ndogo ya warina asali na wawindaji wa msitu wa Mau.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuamua shauri la jamii asilia. Nyuma ya hukumu hiyo kulikuwa na kazi ya miaka mingi iliyofanywa na wazee, wanawake na vijana wa vijiji ambavyo Wakenya wengi hawajavisikia: Nessuit, Mariashoni, Sasimwani.

Waogiek ni nani?

Katika maelezo ya kesi, Waogiek walitajwa kuwa watu wapatao 20,000, na kati yao 15,000 hivi wanaishi Mau, eneo la misitu lenye ukubwa wa hekta zipatazo 400,000 magharibi mwa Bonde la Ufa. Lugha yao ina undugu na lugha za Wakalenjin. Jina lao, kwa maelezo yao wenyewe, lina maana ya mlinzi wa mimea na wanyama wa mwituni.

Majirani waliwapa jina jingine. Neno Dorobo limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Kiswahili kililipokea neno hilo bila kuhoji, likawa Wandorobo, na likaandikwa hivyo katika vitabu na ripoti za serikali kwa miongo mingi. Si jambo dogo: mtu anayeitwa fukara tangu mwanzo ni rahisi kudhaniwa kwamba hana mali ya kunyang'anywa.

Mali walikuwa nayo. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya msitu, kwa kawaida ukanda unaoanzia bondeni na kupanda hadi kwenye mianzi ya juu. Sababu yake ni asali. Maua hayachanui kwa wakati mmoja kotekote. Nyuki huyafuata kadiri ya mwinuko na majira, na mrina asali huwafuata nyuki. Mizinga ya magogo hutundikwa juu ya miti, na kila mti una wenyewe. Mtu wa ukoo mwingine hagusi mzinga usio wake bila ruhusa. Asali ililiwa, ilitumika kwenye mahari na matambiko, na ilibadilishwa kwa nafaka na mifugo ya majirani.

Mipaka hiyo ilikuwa dhahiri kwa kila Muogiek. Tatizo ni kwamba haikuwa na uzio, wala shamba lililolimwa, wala karatasi.

Kumezwa na majirani

Utawala wa Kiingereza haukuona mwenye ardhi pale. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Sir Morris Carter kati ya 1932 na 1934 ilipendekeza kwamba Wandorobo wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa yaliyowazunguka na wamezwe humo. Msitu ukabaki mali ya serikali.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini msimamo kuhusu Mau haukubadilika. Waogiek waliendelea kuhesabiwa kuwa wavamizi wa msitu wa serikali, huku serikali hiyohiyo ikimega sehemu za msitu na kuwagawia watu wengine. Mwaka 2001, mwishoni mwa utawala wa Rais Daniel arap Moi, makumi ya maelfu ya hekta za Mau yaliondolewa kwenye hifadhi kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwapatia makazi wasio na ardhi, wakiwemo Waogiek. Wengi waliopata hati hawakuwa Waogiek.

Jamii ilikwenda mahakamani nyumbani kwanza. Waogiek wa Tinet walifungua kesi Nairobi mwaka 1999 kupinga kufukuzwa. Machi 2000 Mahakama Kuu iliitupilia mbali. Majaji walisema kwamba watu hao walikwishaacha maisha ya zamani, walikuwa wakilima na kufanya biashara kama Wakenya wengine, na kwa hiyo hawakuwa na dai la pekee juu ya msitu. Hoja hiyo inastahili kutazamwa mara mbili. Waogiek walisukumwa wakaingia kwenye kilimo, kisha kule kulima kwao kukafanywa ushahidi wa kuwanyima msitu.

Ramani ya wazee

Baada ya kushindwa huko, kazi ilirudi vijijini. Shirika la maendeleo la Waogiek lenye ofisi zake Nakuru, likiongozwa na Daniel Kobei, lilianza kukusanya kumbukumbu za koo, kufundisha watu sheria na kutafuta washirika.

Agosti 2006, kijijini Nessuit, zaidi ya Waogiek 120 kutoka koo 21, wanaume kwa wanawake, walikusanyika kujenga kitu ambacho hakikuwa kimeonekana katika mabishano ya ardhi nchini Kenya. Walikata kadibodi tabaka juu ya tabaka wakifuata mistari ya mwinuko, mpaka milima na mabonde ya Mau mashariki yakasimama mbele yao kama sanamu, eneo la kilomita za mraba 576. Kisha wazee wakaitwa.

Walichoambiwa waonyeshe ni msitu kama ulivyokuwa miaka ya 1920. Kwa pini, nyuzi na rangi walitia mito, mapango, njia za wanyama, aina za miti, mahali pa mizinga na mipaka ya koo. Vijana waliona kwa mara ya kwanza sehemu walizokuwa wakizisikia katika hadithi tu. Na mzee asiyejua kusoma hakuhitaji mkalimani: ramani ya ofisini ingemnyamazisha, hii ilimfanya azungumze.

Ilani ya siku 30

Oktoba 2009 idara ya misitu ya Kenya iliwapa Waogiek na wakazi wengine wa Mau ilani ya siku 30 kuondoka. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuokoa chanzo cha maji. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mau hulisha mito inayoelekea maziwa ya Viktoria, Nakuru, Baringo na Natron, na mto Mara, ambao wanyama wa Serengeti huutegemea, huanzia huko.

Mwezi uliofuata malalamiko ya Waogiek yalifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Banjul. Wakati huohuo Tume ilikuwa ikimaliza shauri la Waendorois, jamii iliyoondolewa kando ya ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Uamuzi wa kuwapa ushindi Waendorois ulitangazwa mwanzoni mwa 2010, lakini utekelezaji ukasuasua. Maamuzi ya Tume ni mapendekezo. Ya Mahakama hufunga.

Kenya haikuwa imetoa tamko la kuruhusu raia kuishtaki moja kwa moja Arusha. Tume iliweza kuvuka kizingiti hicho, na mwaka 2012 ikalipeleka shauri la Waogiek Mahakamani kwa jina lake. Machi 2013 majaji walitoa amri ya muda kuzuia ugawaji wa ardhi inayobishaniwa.

Katika hukumu ya 2017 Mahakama ilikubali kwamba Waogiek ni jamii asilia yenye haki ya pamoja juu ya ardhi ya mababu. Ilikwenda mbali zaidi kuhusu mazingira: ilisema uharibifu wa Mau umetokana na uvamizi wa makundi mengine, ugawaji wa ardhi uliofanywa na serikali na vibali vya kukata miti, na hauwezi kutwishwa Waogiek. Hoja ya Nairobi ya mwaka 2000 ilikuwa imepinduliwa.

Fidia, na Sasimwani

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama iliamua kuhusu fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, ziingizwe katika mfuko wa maendeleo ya jamii. Ukizigawa kwa watu 20,000, kila mmoja hafikishi shilingi 8,000. Lakini fedha hazikuwa kiini cha dai. Kiini ni amri ya pili: katika muda wa miaka miwili serikali iipime ardhi, iweke mipaka na kutoa hati ya pamoja. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 63, tayari inaitambua ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii.

Novemba 2023 askari wa misitu waliingia Sasimwani, kaunti ya Narok, wakabomoa na kuchoma nyumba. Watu wapatao 700 walibaki bila makazi msimu wa mvua. Serikali ilisema inalinda msitu. Watetezi wa jamii walishuku pia biashara mpya ya hewa ukaa, ambayo huupa msitu usio na watu thamani ya fedha za kigeni.

Ndugu zao wa mlima Elgon walipita njia nyingine. Chepkitale ilipofanywa hifadhi ya wanyama mwaka 2000 bila ridhaa yao, walirudi na kukaa. Waliandika sheria zao za ndani, wakapiga marufuku uchomaji mkaa, na kuwakamata wenyewe waliokiuka. Mwaka 2022 mahakama ya ardhi ya Bungoma iliamua kwa faida yao.

Mau, muda wa miaka miwili ulikwisha Juni 2024 bila hati ya pamoja kutolewa. Sehemu ngumu zaidi ya amri inahusu mashamba ambayo watu wengine wanayakalia. Mahakama iliagiza mazungumzo: ama wenye mashamba waendelee kwa mkataba na kugawana faida na Waogiek, ama ardhi irudishwe, ama jamii ilipwe fidia. Wengi wa wakulima hao si matajiri, na karatasi wanazoshika mkononi zilitolewa na serikali ileile iliyoshindwa kesi.